Uchambuzi wa Kisa: Mama wa Miaka 44, Mfuko wa Nyongo Uliovimba kwa Ghafla, na Maana ya Saa 72

Usuli

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 44, mama lishe katika mji mdogo wa wilaya nchini Tanzania, mwenye watoto wanne. Jina lake, mji, hospitali zilizohusika na tarehe vimeondolewa. Hakuwa na kisukari, shinikizo la damu wala selimundu, na hakuwahi kufanyiwa upasuaji wowote. Alikuwa na uzito wa kilo 86 kwa urefu wa sentimita 160.

Kwa miaka miwili kabla ya tukio hili alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya chembe cha moyo. Yalimjia mara moja kila mwezi au kila miezi miwili, mara nyingi usiku, baada ya chakula cha jioni chenye mafuta mengi. Yalidumu saa mbili hadi nne, akiwa hawezi kulala wala kukaa, anazunguka chumbani ameshika tumbo, kisha yanaondoka kabisa na anaamka asubuhi kwenda kibandani kwake kama kawaida. Alikwenda kutibiwa mara nne katika vituo tofauti, na mara zote nne aliambiwa ana vidonda vya tumbo. Alipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na safari moja akapewa dawa za wiki mbili za kuua bakteria aina ya *Helicobacter pylori* baada ya kipimo cha damu kuonyesha kinga dhidi yake. Hakuna aliyempima altrasaundi. Kila alipopewa dawa maumivu yalipoa, kwa sababu yangepoa hata bila dawa, na kila yalipopoa jina la vidonda lilizidi kukita mizizi, kwake yeye na kwetu sisi watoa huduma.

Mwandishi wa uchambuzi huu alikuwa daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya iliyompokea, na baadhi ya maamuzi yanayokosolewa hapa chini ni ya kwake.

Siku tatu kabla ya kufika hospitali

Jumamosi, saa 3 usiku, baada ya kutoka kwenye karamu ya harusi, maumivu yalianza kama yalivyozoeleka. Safari hii hayakuondoka. Ilipofika alfajiri alikuwa ametapika mara tatu, na maumivu yalikuwa yamehama kutoka chembe cha moyo hadi chini ya mbavu za kulia, yakipenya hadi kwenye bega la nyuma upande huohuo. Jumapili alichomwa sindano ya diklofenaki katika duka la dawa, akapata nafuu ya saa chache. Jumatatu alikwenda zahanati, ambako kipimo cha malaria kilitoka hasi na kipimo cha Widali, cha damu cha homa ya matumbo, kikasomeka chanya, naye akarudishwa nyumbani na dawa za homa ya matumbo pamoja na vidonge vya kulegeza misuli ya tumbo.

Jumanne saa 6 mchana alifika kwetu, ikiwa ni saa ya 63 tangu maumivu yaanze.

Uchunguzi na utambuzi

Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.4, mapigo ya moyo 108 kwa dakika, na shinikizo la damu 128/76. Macho hayakuwa na manjano ya kuonekana. Tumbo lilikuwa laini kila mahali isipokuwa chini ya mbavu za kulia, ambako alikaza misuli alipoguswa. Nilipoweka vidole pale na kumwomba avute pumzi ndefu, alikatisha pumzi katikati na kunishika mkono. Hiyo ndiyo dalili ya Murphy, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji wa Chicago, John Benjamin Murphy, na kwa mgonjwa wa umri huu ni miongoni mwa dalili zenye uzito mkubwa ambazo mkono mtupu unaweza kuzipata.

Damu ilionyesha chembe nyeupe 16,200 kwa mikrolita. Bilirubini ilipanda kidogo tu, vimeng'enya vya ini vilikuwa juu kidogo, na amilesi ilikuwa ya kawaida, jambo lililopunguza hofu ya kongosho kuvimba. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi.

Nilijaza fomu ya altrasaundi na kuandika maneno mawili: "Tumbo. Maumivu." Fomu iliingia kwenye foleni ya kawaida, na mgonjwa alipimwa Jumatano saa 4 asubuhi, saa 22 baada ya kuwasili. Picha ilikuwa wazi kabisa: mawe mengi ndani ya mfuko wa nyongo, moja la sentimita 1.8 likiwa limekwama kwenye shingo ya mfuko na halisogei mgonjwa alipogeuzwa ubavu. Ukuta wa mfuko wenye unene wa milimita 7, ilhali kuanzia milimita 4 huhesabiwa kuwa umevimba. Na majimaji membamba kuzunguka mfuko. Mrija mkuu wa nyongo ulikuwa na upana wa milimita 5, ambao ni wa kawaida, kwa hiyo uwezekano wa jiwe kuteremka hadi kwenye mrija huo ulikuwa mdogo.

Mwongozo wa Tokyo, mwongozo wa kimataifa wa kutambua na kutibu mfuko wa nyongo uliovimba, katika toleo lake la mwaka 2018 unataka mambo matatu ili utambuzi uwe wa uhakika: dalili ya mahali penyewe, dalili ya mwili mzima kama homa au kupanda kwa chembe nyeupe, na picha inayothibitisha. Mgonjwa wetu alikuwa na yote matatu. Ukali wake ulikuwa wa daraja la pili, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umevuka saa 72. Alipowasili kwetu Jumanne ulikuwa haujavuka.

Uamuzi wa kwanza: kutuliza na kusubiri

Hospitali yetu ilikuwa na daktari mmoja mwenye uzoefu wa upasuaji, aliyekuwa ametoa mifuko ya nyongo michache tu kwa njia ya kufungua tumbo, na haikuwa na vifaa vya upasuaji wa matundu madogo. Tulikaa watatu tukajadiliana Jumatano mchana. Hoja iliyotawala ilikuwa hii: saa 72 zimepita, nyama zimeshashikana, upasuaji sasa ni hatari, basi tumtulize kwa dawa, aende nyumbani, arudi baada ya wiki sita uvimbe ukiwa umeisha.

Alizuiwa kula, akawekewa dripu, akaanzishiwa dawa za kuua bakteria: seftriaksoni gramu 2 kwa siku na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa nane. Dawa ya maumivu iliyoandikwa ilikuwa parasetamoli peke yake. Mofini ilikuwepo kabatini lakini haikutolewa, kwa imani ya zamani kwamba inakaza mlango wa mrija wa nyongo na kwamba maumivu yakizimwa daktari atapoteza dalili. Mama yule alilala usiku wa Jumanne na wa Jumatano akiuma kanga. Namwandikia msomaji jambo hili kwa majuto: hakuna ushahidi wa maana unaohalalisha kumnyima mofini mgonjwa wa namna hii, na dalili ya Murphy haifichwi na dozi ya kawaida ya kutuliza maumivu.

Mumewe alituuliza swali la haki. "Daktari, mke wangu ametibiwa vidonda miaka miwili, leo imekuwaje mawe?" Muuguzi wa zamu, mtu mzima wa makamo, alichukua karatasi akamchorea ini, mfuko wa nyongo unaoning'inia chini yake, na jiwe lililoziba shingo. "Baba, haya mawe hayakuja leo," alimwambia. "Leo ndiyo moja limekataa kutoka mlangoni." Sijasikia maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya maumivu ya jiwe linalopita na ugonjwa wa mfuko uliovimba.

Hali inabadilika

Alhamisi joto lilishuka hadi nyuzi 37.8 na tukajipa moyo. Ijumaa asubuhi lilipanda hadi 38.9, mapigo yakafika 118, na eneo la maumivu likawa limepanuka, na ndani yake mkono ukaanza kupapasa bonge. Chembe nyeupe zilikuwa 19,800. Altrasaundi ya pili ilionyesha ukuta wa mfuko usio sawasawa, wenye sehemu zilizochanika ndani, ishara kwamba sehemu ya ukuta huenda imekufa kwa kukosa damu.

Nilimpigia simu daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali ya rufaa ya kanda. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kwa nini hamkunipigia Jumatano?" Kisha akaeleza namna ya kumwandaa kwa safari: maji ya kutosha, dozi ya dawa kabla ya kuondoka, mofini, na picha zote mkononi. Safari ilikuwa ya saa nne. Mgonjwa aliondoka saa 8 mchana.

Katika chumba cha upasuaji

Upasuaji ulifanyika Jumamosi asubuhi, siku ya saba tangu maumivu yaanze, kwa kufungua tumbo chini ya mbavu za kulia, kwa kuwa wataalamu wa upasuaji wa matundu madogo hawakuwa zamu mwisho wa wiki. Yafuatayo yametoka kwenye ripoti ya upasuaji na katika mazungumzo na bingwa mwenyewe.

Utando wa mafuta wa tumboni ulikuwa umeufunika mfuko wa nyongo na kugandamana nao. Mfuko ulikuwa umejaa na kukakamaa kiasi kwamba haukushikika. Alitoboa na kunyonya usaha uliochanganyika na nyongo nyeusi. Kitako cha mfuko kilikuwa na mabaka meusi ya nyama iliyokufa. Alianza kuubandua kutoka kwenye kitako kuelekea shingoni, na kazi ilikwenda vizuri hadi alipofika pembetatu ya Calot, mahali ambapo mrija wa mfuko na mshipa wake wa damu hupita, jirani kabisa na mrija mkuu wa nyongo. Hapo kila kitu kilikuwa kipande kimoja kigumu chenye kuvuja damu.

Kanuni ya usalama iliyoelezwa na Strasberg na wenzake mwaka 1995 ni kwamba daktari asikate chochote mpaka aone miundo miwili tu inayoingia kwenye mfuko wa nyongo, na sehemu ya chini ya mfuko ikiwa imebanduliwa kutoka kwenye ini. Bingwa alijaribu kwa takriban dakika ishirini kufika hapo, hakufika, akaacha kujaribu. Aliukata mfuko juu ya shingo, akatoa mawe yote likiwemo lile lililokwama, akaacha sehemu ya ukuta wa nyuma ikiwa imeshikamana na ini, akatafuta tundu la mrija kwa ndani ili alishone. Hakulipata kwa sababu ya uvimbe. Aliosha eneo, akaweka mpira wa kutolea majimaji, akafunga.

Nilipomuuliza kama hakuona vibaya kuacha kazi nusu, alisema kwamba mrija mkuu wa nyongo ukikatwa kwa bahati mbaya, mgonjwa huingia katika safari ya miaka ya upasuaji juu ya upasuaji, wakati nyongo inayovuja kwenye mpira ni tatizo la siku.

Matokeo

Nyongo ilivuja kweli: mililita 180 siku ya kwanza, kisha kiasi kikaendelea kupungua. Katika mazingira yenye endoskopi ya mirija ya nyongo, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mrija huo, uvujaji wa namna hii mara nyingi hutibiwa kwa kuweka kijimpira ndani ya mrija mkuu. Huduma hiyo haikuwepo karibu, na kwa kuwa mgonjwa hakuwa na homa wala manjano, na altrasaundi haikuonyesha majimaji yaliyokusanyika tumboni, walisubiri. Siku ya tisa kiasi kilikuwa chini ya mililita 20, siku ya kumi mpira ukatolewa, na siku ya kumi na moja akaruhusiwa. Kidonda kilipata maambukizi ya juujuu yaliyopona kwa kusafishwa. Maabara ya patholojia ilithibitisha kufa kwa ukuta wa mfuko na haikuona saratani.

Miezi sita baadaye alikuwa hana maumivu na anakula chakula chochote. Kibanda chake kilifungwa kwa zaidi ya miezi miwili, na mtaji wake mwingi ulimalizikia kwenye nauli za ndugu, malazi na dawa za kununua nje.

Uchambuzi

*Jina la vidonda.* Kosa kubwa zaidi katika kisa hiki lilitokea kabla ya Jumamosi ile. Historia ya mgonjwa ilikuwa inajieleza: maumivu yanayokuja kwa vipindi, yanayopanda ndani ya dakika chache na kukaa pale juu kwa saa kadhaa, yanayomfanya mtu ahangaike, kisha yanaondoka kabisa kwa wiki nyingi. Vidonda vya tumbo kwa kawaida havimwachi mgonjwa akiwa mzima kabisa kwa miezi miwili halafu vikamrudia kwa usiku mmoja. Lakini maneno "chembe cha moyo" yakishatamkwa katika chumba chetu cha daktari, kalamu huandika omeprazoli yenyewe. Kipimo cha damu cha *Helicobacter pylori* hakikusaidia, kwa sababu kinga hubaki mwilini muda mrefu na katika nchi zetu watu wengi wasio na kidonda chochote huwa chanya. Hali kadhalika Widali, ambayo katika maeneo yenye homa ya matumbo husomeka chanya kwa wengi na kutuliza wasiwasi wa mtoa huduma bila kumtibu mgonjwa. Altrasaundi moja katika miaka ile miwili ingemwezesha kufanyiwa upasuaji wa kupangwa, mfuko ukiwa haujavimba.

*Fomu ya altrasaundi.* "Tumbo. Maumivu." haikumwambia mpimaji chochote. Kama ningeandika kwamba mgonjwa ana homa, dalili ya Murphy na chembe nyeupe zilizopanda, na kwamba ninauliza juu ya mfuko wa nyongo, mpimaji angempima mchana uleule. Saa 22 zilipotea kwa maneno ambayo yangeandikwa kwa nusu dakika.

*Saa 72.* Hapa ndipo tulipopotoka kwa kujiamini. Katika mwongozo wa Tokyo, kuvuka saa 72 kunaupandisha ugonjwa daraja; kunamwambia daktari kwamba upasuaji utakuwa mgumu zaidi na unahitaji mikono yenye uzoefu. Sisi tulikusoma kama mlango uliofungwa. Mwongozo wa mwaka 2020 wa jumuiya ya kimataifa ya upasuaji wa dharura unapendekeza mfuko utolewe mapema iwezekanavyo, ndani ya siku 7 tangu kulazwa na siku 10 tangu dalili zianze. Na utafiti uliofanyika Ujerumani na Slovenia, uliochapishwa mwaka 2013, uliwagawa wagonjwa 618 katika makundi mawili: waliofanyiwa upasuaji ndani ya saa 24 za kulazwa na waliotulizwa kwanza kwa dawa na kufanyiwa upasuaji kati ya siku ya 7 na ya 45. Matatizo yaliwapata asilimia 11.8 ya kundi la kwanza na asilimia 34.4 ya kundi la pili. Utafiti ule ulifanyika katika hospitali zenye vifaa kuliko yetu, na sitaki mtu auchukue kama ruhusa ya kufungua tumbo mahali ambapo hapana uzoefu. Kutofanya upasuaji Jumatano katika hospitali yetu kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuunganisha "sisi hatuwezi" na "haifai kufanywa", tukambakiza mgonjwa wodini badala ya kumpigia bingwa simu siku ileile. Angefika mezani Alhamisi, kabla ukuta wa mfuko haujaharibika kiasi kile, na pengine pembetatu ya Calot ingefunguka.

*Dawa za bakteria.* Hizi zilimkinga asiingie katika sepsisi, hali ya hatari ya maambukizi kuathiri mwili mzima, lakini hazisukumi jiwe. Mfuko ulioziba huendelea kujaa, shinikizo ndani yake hubana mishipa midogo ya damu, na ukuta hufa hata kama bakteria wote wameuawa. Kwa kweli kuvimba huanza kwa kemikali za nyongo yenyewe kabla bakteria hawajazaliana. Kushuka kwa homa Alhamisi kulitudanganya. Mapigo ya moyo, yaliyobaki juu ya 105 siku ile, yalikuwa yakisema ukweli, na nani aliyeyatazama? Yaliandikwa kwenye chati na hayakujadiliwa. Kama kusubiri ndiko kulikochaguliwa, ilipasa tuandike tangu Jumatano: mapigo yasiposhuka, au maumivu yasipopungua ndani ya saa 24, anaondoka.

*Uamuzi wa kuacha.* Uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki ni ule wa bingwa kuukata mfuko juu ya shingo. Madaktari wachanga hufundishwa kumaliza. Yeye alijua mahali pa kuishia. Kuuacha mdomo wa kipande kilichobaki wazi huongeza uvujaji wa nyongo katika siku za mwanzo, na ndivyo ilivyokuwa, lakini hupunguza hatari ya kubaki kifuko kidogo kitakachotengeneza mawe upya.

*Mazungumzo na familia.* Mchoro wa muuguzi ulifanya zaidi ya fomu ya ridhaa. Familia iliyoelewa kwamba jiwe limeziba mlango ilikubali safari ya Ijumaa bila mabishano, ingawa mama mkwe alikuwa tayari ameandaa dawa za miti shamba za kusagia mawe.

Katika ziara ya mwisho, mgonjwa alikuja na dada yake, ambaye naye ametibiwa vidonda kwa muda mrefu, akaomba dada huyo apimwe kama alivyopimwa yeye. Mawe ya nyongo huandama baadhi ya familia, kwa hiyo tulimpima, safari hii fomu ikiwa imejazwa vizuri. Mfuko wake wa nyongo ulikuwa safi, bila jiwe hata moja. Maumivu yake ni ya kuchoma, ya kila siku, na humwamsha alfajiri akiwa na njaa. Ameandikiwa rufaa ya kipimo cha kuingiza kamera tumboni.